Maelezo Yaache

Mwezi wa kwanza mwaka 2003, faili la Umoja wa Wakulima wa Pamba lilifika megabaiti kumi na moja, na kompyuta iliyolibeba ikaanza kuzidiwa. Ukilifungua asubuhi, ulikuwa na muda wa kutoka ofisini, kwenda stendi ya Bariadi kununua chapati, kurudi, kula na kunawa mikono, ukakuta lile jina la faili bado limeganda kwenye kioo. Jenereta ikizimika kabla hujahifadhi, unaanza upya.

Aliyelitunza faili hilo ni Stephania Mayala, binti wa Nkololo, mwenye miaka ishirini na sita wakati huo. Alikuwa mwajiriwa pekee wa Umoja. Wengine wote, kuanzia mwenyekiti, Mzee Machibya, mpaka katibu, walijitolea.

Umoja wenyewe ulizaliwa kwa hasira. Tangu serikali iruhusu kampuni binafsi kununua pamba, kila msimu magari yalikuja na mizani yake, na kila mizani ilikuwa na ujanja wake. Chama cha zamani cha ushirika kilibaki majengo yenye popo. Ndipo wakulima mia tisa wa Nkololo, Ngulyati, Dutwa na Kasoli wakakubaliana: pamba yao yote itakaa ghala moja, na anayeitaka aje aongee na watu mia tisa kwa mara moja, asimvizie mmoja mmoja barazani kwake. Shirika moja la wafadhili lenye ofisi Mwanza likawapa mafunzo ya kilimo, kompyuta, printa na skana.

Katibu aliitwa Mashimba. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, na Stephania alikuwa mwanafunzi wake. Stephania alipokosa nafasi ya kidato cha tano, ni Mashimba aliyezunguka mpaka akampatia kozi ya kompyuta Mwanza. Baba yake Stephania alipofariki, Mashimba alikuja Nkololo kwa baiskeli, akakaa matangani siku tatu, akachota maji kama mtoto wa nyumbani. Stephania alikuwa bado anamwita Mwalimu, na hakuwahi kufikiri kwamba ipo siku angemwita jina jingine.

Faili lile alilijenga kwa miguu na kwa baiskeli. Alikwenda nyumba kwa nyumba na daftari, akauliza ekari ngapi, mbegu gani, maksai wangapi, mafunzo yapi umehudhuria. Lakini mtu wa Ngulyati ukimuuliza ana maksai wangapi, hakujibu "wawili" akanyamaza. Atakuambia wawili, na alikuwa na wa tatu, na huyo wa tatu alikufaje, na tangu afe mambo ya nyumba yamekwendaje. Stephania aliyaandika yote. Akirudi ofisini aliyaingiza kwenye faili, si kwenye safu za kawaida, bali kwenye yale maelezo yanayojificha nyuma ya kisanduku. Kisanduku chenye maelezo huonyesha pembe ndogo nyekundu. Ukiupeleka mshale juu yake, maneno yanafunguka. Aliyaweka ili asisahau, ili akirudi kwa mtu aweze kumwita mama kwa Kisukuma na kumwuliza, "Mayu, mguu umepona?"

Mashimba aliyaona maelezo hayo, akayasifu. "Wengine huandika namba," alimwambia. "Wewe umeandika watu."

Kwa mama mmoja wa Ngulyati, Nyamizi, mjane wa makamo mwenye ekari sita, maelezo yalikuwa hivi: *Ana mtoto mkubwa, Kulwa, anaumwa akili. Humfungia ndani akienda shamba. Majirani wanadhani yuko Geita machimboni. Hataki wajue.* Nyamizi aliyasema hayo mchana mmoja walipokuwa wawili tu wakipepeta mtama, baada ya Stephania kusikia mtu akigonga ukuta kutoka ndani.

Katikati ya Januari, Mashimba aliingia ofisini ameshika boksi la flopi, zile diski bapa za kuhamishia mafaili.

"Wafadhili wanalitaka faili," alisema. "Wanataka waone tulipofika kabla hawajaongeza mwaka wa pili."

Walijaribu kulikata vipande kwenye flopi tisa. Ya saba ikagoma kusomeka, na zile nane nyingine zikawa hazina maana. Kompyuta yenyewe haikuweza kusafiri. Kamati ilikuwa imeifunga mezani kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo ulikaa kwa Mzee Machibya.

"Lipunguze," Mashimba alisema. "Liingie kwenye flopi moja. Wewe ndiye fundi."

Flopi moja ilibeba megabaiti moja na nusu, kasoro kidogo. Stephania aliitazama kama mtu aliyeambiwa aingize gunia la pamba kwenye kibuyu. Lakini aliyesema ni Mwalimu, na yeye alipenda kazi ngumu.

Kwanza alitengeneza nakala, ili kama akiharibu asiharibu lile la asili. Kisha akaanza kutafuta mahali uzito ulipokaa. Siku ya kwanza aliziona picha. Alikuwa ameziskani picha za vikundi vya vijiji, arobaini na mbili, akazibandika juu ya shiti, yaani kurasa, za vijiji vyao, na kila picha ilikuwa kubwa kuliko majina yote ya kijiji kile. Akazifuta moja moja, huku akiwaaga watu waliosimama wamenyooka mbele ya maghala yao. Faili likashuka mpaka megabaiti tano.

Siku ya pili aligundua kosa lake mwenyewe. Alibonyeza kitufe cha kwenda mwisho wa shiti, akitegemea kuangukia jina la mwisho la Dutwa, na mshale ukaruka mpaka mstari wa elfu sitini na tano. Huko chini hakukuwa na mtu. Kulikuwa na rangi tu. Mwaka uliopita alikuwa amepaka shiti nzima kijani hafifu ili ipendeze, na mashine ilikuwa ikikumbuka rangi ya kila kisanduku kitupu. Alicheka peke yake. Akaifuta ile mistari mitupu kwenye kila shiti, akahifadhi kwa jina jipya, na faili likawa megabaiti mbili na nusu.

Siku ya tatu alibadilisha hesabu zote zikawa namba za kawaida, akaondoa shiti zilizokuwa nakala, na nakala za nakala, ambazo aliziweka kwa hofu ya jenereta. Moja na pointi sita. Flopi ikakataa bado.

Mashimba alikuwa amekaa nyuma yake tangu asubuhi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kilichobaki kizito ni maelezo, Mwalimu," Stephania alisema. "Zile pembe nyekundu zipo zaidi ya mia saba. Nikizitoa, tumepita."

"Maelezo yaache."

"Yana mambo ya ndani ya watu. Wafadhili watayafanyia nini?"

"Hao ndio wanataka waone maisha ya mkulima. Watachangiaje wasichokijua?" Aliusogeza uso karibu na kioo. "Toa hii safu ya mafunzo. Na hii inayofuata, ya malalamiko ya mizani."

"Mafunzo? Si ndiyo wanayoyalipia?"

"Wanayo kwenye ripoti zao. Toa."

Stephania aliuweka mkono kwenye kipanya, akausimamisha kidogo. Baadaye, alipokuwa akikumbuka siku ile, aliurudia muda huo mfupi mara nyingi kuliko jambo jingine lolote. Lakini wakati ule alichofikiri ni kwamba Mwalimu ameongea na wafadhili na yeye hajaongea nao. Akazitoa safu mbili. Faili likawa moja na pointi tatu nane, likaingia kwenye flopi, taa ndogo ya kijani ikawaka, ikazimika.

Mashimba aliitoa flopi, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. "Wabeja," alimshukuru kwa Kisukuma. "Sikukosea kukusomesha."

Maneno hayo alitembea nayo siku nzima.

Mwezi wa pili, wakati watu wako kwenye palizi, yakaja magari ya bluu. Yalikuwa ya kampuni mpya ya kununua pamba, iliyokuwa imekodi jengo kwenye barabara ya kwenda kiwanda cha kuchambulia. Kwa kawaida wanunuzi walikuja mwezi wa sita, pamba ikiwa imeshavunwa. Hawa walikuja pamba ikiwa haijafika magotini. Na hawakusimama mnadani na kipaza sauti. Waliingia vichochoro, wakasimama mlango huu, wakauruka ule, wakamwita mwenye nyumba kwa jina la baba yake.

Stephania alizisikia habari zao kwanza Dutwa. Mkulima mmoja alimpokea kwa furaha, akampeleka zizini kumwonyesha dume jipya la plau.

"Wamenikopesha, nitawauzia pamba yangu basi," alisema. "Lakini wale watu wana macho! Nilikuwa nawaza nitalimaje, dume langu limekufa, sijamwambia mtu. Wakashuka na huyu kwenye gari."

"Na ghala la Umoja?"

Mtu yule alikuna kichwa. "Mwaka huu mnivumilie. Nimeweka dole gumba kwenye mkataba wao."

Stephania alimwandika kwenye daftari, akaendelea na safari. Dume limekufa, hilo jirani yeyote angeweza kulisema. Alijiambia hivyo mpaka alipofika Kasoli kwa mkulima aliyeitwa Elia.

Elia alikuwa akicheka tangu alipomwona anashuka kwenye baiskeli. "Njoo uone maajabu. Hawa wa gari la bluu wameniletea sare za sekondari za mtoto. Viatu, madaftari, kila kitu. Sasa tazama." Akainua sketi mbili za bluu. "Mwanangu Ngassa ni wa kiume! Nikawaambia, wakaangalia karatasi yao, wakasema karatasi inasema binti."

Stephania hakucheka. Alilikumbuka kosa hilo. Kwenye daftari alikuwa ameandika *mtoto wa Elia anaingia sekondari, sare hana*, na alipokuwa akiandika kwenye kompyuta, kwa haraka, mkono ukaandika *binti*. Alikuja kugundua mwezi wa kumi na mbili, akasema atarekebisha, hakurekebisha. Kosa hilo halikuwa mdomoni mwa jirani yeyote. Halikuwa kwenye daftari. Hapa duniani lilikuwa sehemu moja tu, na sehemu hiyo alikuwa ameipunguza kwa mikono yake ikaingia kwenye mfuko wa shati.

"Stephania, unaumwa?" Elia aliuliza.

"Hapana, baba. Naomba maji."

Alikunywa akiwa amesimama. Akilini mwake pembe nyekundu zilikuwa zikifunguka moja baada ya nyingine, na mbele ya zote lilikuwa jina la Nyamizi. Alipanda baiskeli, akaacha ratiba yote ya siku hiyo, akakata njia ya mashambani kwenda Ngulyati. Alikanyaga pedali huku akiomba kwa sauti, kama mtu aliyepungukiwa akili.

Nyamizi alikuwa uani, akianika kisamvu.

"Mwadila, mayu," Stephania alisema.

Nyamizi hakuitikia. Kwa Msukuma, salamu isiyoitikiwa ni mlango uliofungwa usoni. Stephania alisimama na baiskeli yake.

"Mayu..."

"Walikuja siku ya palizi," Nyamizi alisema bila kugeuka. "Nilikuwa na wanawake kumi hapa, wamekuja kunisaidia. Yule wa gari akasimama pale ulipo wewe. Akasema, mama, tumesikia habari za Kulwa uliyemfungia ndani. Sisi tutampeleka hospitali kubwa Mwanza. Akasema hivyo kwa sauti ya kanisani. Wanawake kumi." Akakinyoosha kisamvu kilichokwishanyooka. "Miaka minne ninasema Kulwa yuko Geita. Nani alimtajia jina la mwanangu?"

"Walimpeleka?"

"Walichukua dole gumba langu. Kulwa yumo humo ndani. Gari halijarudi."

Ukuta uligongwa mara mbili, polepole.

"Nilikuambia wewe peke yako," Nyamizi alisema. "Hata kaburi la mume wangu sikuliambia."

Stephania alieleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, habari za faili na flopi na wafadhili, na kila neno lilivyomtoka alilisikia linavyosikika kwa mtu ambaye hajawahi kuiona kompyuta. Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Siku ile ulipokuwa ukiandika, nilidhani unaandika ekari. Kumbe ulikuwa unaniandika mimi?"

"Ndiyo, mayu."

"Nenda."

Kesho yake asubuhi Stephania alikwenda kwenye jengo la kampuni ya bluu, barabara ya kiwandani, akamkuta Mashimba, akiwa na meza mpya na kalenda ya kampuni ukutani. Alikuwa ameaga kamati kwamba yuko Mwanza kwa wafadhili. Hakushtuka. Alivuta kiti.

"Keti, Stephania. Nilikuwa nikutafute mwenyewe."

"Mwangaluka, Mwalimu," alimsalimu, kwa sababu ulimi ulishazoea, na akajichukia. Hakuketi. "Faili ulilipeleka wapi?"

"Limefika lilipotakiwa kufika."

"Wafadhili hawakuliomba."

"Hawakuliomba," alikubali, kwa upole uleule aliokuwa akiutumia ubaoni mwanafunzi anapokosea. "Sikiliza. Umoja ungekufa. Kama usingekufa mwaka huu, ungekufa mwakani. Watu mia tisa hawawezi kushikana wakati kila mmoja ana shida yake chini ya paa lake. Mimi nimewaunganisha na mtu mwenye uwezo wa kuzitatua. Elia amepata sare. Mtu wa Dutwa amepata maksai. Umoja ungewapa nini? Mkutano?"

"Nyamizi amepata nini?"

"Nani?"

Stephania alimtazama. Ilikuwa wazi kwamba halikumbuki jina hilo. Alikuwa amekesha na maelezo mia saba, akayachambua, akayapanga kwa vijiji, na hakumkumbuka hata mtu mmoja.

"Uliniambia nimeandika watu," alisema.

"Na uliandika vizuri. Ndiyo maana wana nafasi yako hapa. Wanafungua Maswa, Lalago, mpaka Busega kule Mkula. Kote kunahitaji faili kama lile. Utakuwa na pikipiki badala ya ile baiskeli."

"Uliniibia, Mwalimu."

Hapo ndipo sura yake ikabadilika kidogo. "Mimi sijaiba kitu. Mnyororo haukukatwa, kufuli halikuguswa. Faili ulinipa mwenyewe, mkononi, ukifurahi. Ukienda kusimulia huko nje, simulia na hilo."

Alikwenda akalisimulia na hilo. Siku hiyohiyo alifika nyumbani kwa Mzee Machibya, na mzee akaitisha kamati Jumapili baada ya ibada, ghalani. Mzee Machibya alikuwa ameshapiga simu kwa wafadhili, wakamjibu kwamba wao hutumiwa ripoti ya kurasa mbili, na hawajawahi kuomba majina ya mtu. Kwa hiyo habari za Mashimba hazikuwa na mjadala. Kilichobaki kilikuwa Stephania.

"Maelezo hayo nani aliyaandika?" mzee aliuliza.

"Mimi."

"Tulikutuma uyaandike?"

"Hapana, baba. Mlinituma ekari, mbegu, maksai na mafunzo."

"Na faili nani alilipunguza?"

"Mimi."

"Alipokuambia uache siri za watu, utoe mafunzo, hukuona?"

"Niliona. Nikasema ni Mwalimu."

Mmoja wa wajumbe alisema wote wawili walikula njama, kwamba mwalimu na mwanafunzi wake ni kiganja kimoja. Mwingine akasema angekuwa na njama asingekuja mwenyewe. Walibishana muda mrefu mbele yake kama vile hayupo, na jambo lililomuuma zaidi ni kwamba yule wa kwanza hakuwa mjinga. Nani angeamini kwamba mtu anaweza kufanya kazi ya siku tatu bila kujua anamfanyia nani? Mwisho Mzee Machibya aliamua abaki mpaka msimu uishe, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine anayejua kuiwasha mashine.

Miezi ile iliyofuata Stephania alizunguka tena vijijini, safari hii bila daftari. Aliwaambia watu ukweli, mlango kwa mlango. Wengine walimhurumia. Wengine walimwambia asiwaharibie bahati, gari la bluu limewasaidia. Mama mmoja wa Nkololo, aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, aliingia ndani alipomwona na kumwambia mwanawe aseme hayupo. Mashimba alikutana naye mara mbili njiani, yeye kwenye gari, na mara zote mbili alimpungia mkono.

Mwezi wa sita ghala lilifunguliwa. Lilikuwa limefagiliwa, mizani imepimwa na kamati, na Mzee Machibya alikaa mlangoni na koti lake la sikukuu. Kati ya wakulima mia tisa walikuja sitini na mmoja. Wanunuzi watatu waliokuwa wamealikwa walichungulia lile rundo dogo, wakaangaliana, na mmoja akauliza kama nyingine inakuja. Huko vijijini kampuni ya bluu ilinunua kwa bei iliyoitaka yenyewe, kwa sababu dole gumba halina mdomo wa kubishana. Kabla ya mwezi kwisha, Umoja ulikutana mara ya mwisho na kuamua kuirudisha kompyuta kwa waliowapa.

Stephania alikuwa peke yake ofisini, akitafuta boksi la kuipakia, mlango ulipogongwa. Alikuwa Nyamizi, amevaa kitenge cha kutokea, na vumbi la njia mpaka magotini. Hakuwahi kufika ofisi ile kabla.

"Karibu kiti, mayu," Stephania alisema, na hakuthubutu kusalimu zaidi ya hapo.

Nyamizi alibaki amesimama, akitazama mashine. "Nimesikia wanaichukua. Bado nimo humo?"

"Umo."

"Nionyeshe."

Stephania aliwasha jenereta nje, akarudi, akafungua faili. Lile lililopunguzwa lilifunguka upesi, lakini hakulitumia hilo. Alifungua na la zamani pia, lile zito, na wakangoja pamoja mpaka lilipokubali. Akaitafuta shiti ya Ngulyati. Akaupeleka mshale kwenye jina, na maneno yakafunguka kwenye kijisanduku cha njano.

"Soma."

Akasoma. Hata *Hataki wajue* aliisoma mpaka mwisho, kwa sababu aliona hana haki ya kuikatiza.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo, mayu."

"Mafupi hivyo." Nyamizi aliuweka ukucha wake juu ya kioo, pale palipoandikwa Kulwa, akauondoa. "Yatoe."

Stephania akayafuta. Akayafuta na kwenye lile jingine. Pembe nyekundu ikapotea, likabaki jina, ekari sita, mbegu, maksai wawili.

"Na lile alilonalo Mashimba?"

"Lile siwezi kulifikia, mayu."

"Kwa hiyo kule bado nimo."

"Bado umo."

Nyamizi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba ambao alishauhisi. Akauliza kama wengine nao wamo, akaambiwa wamo, zaidi ya mia saba. Akavuta kiti alichokikataa mwanzo, akaketi.

"Watoe wote. Nakaa hapa mpaka uwamalize."

Ipo njia ya kuyafuta maelezo yote kwa mara moja, na Stephania aliijua. Lakini Nyamizi alikuwa akitazama, na kwa njia hiyo hangejua kwamba kweli yametoka. Kwa hiyo aliyafuta moja moja, kijiji kwa kijiji, bila kuyasoma kwa sauti, na kila pembe ilipopotea Nyamizi aliangalia ipotee. Ilichukua mchana kutwa. Jenereta iliishiwa mafuta mara moja, Stephania akaenda kununua mengine, akarudi akamkuta mama yule amekaa vilevile, mikono mapajani, mbele ya kioo cheusi.

Walipomaliza, Nyamizi alijifunga kitenge vizuri. Stephania alimwomba amsindikize mpaka stendi. Alikataa.

"Kulwa yukoje?" Stephania aliuliza mlangoni, kabla hajajizuia.

Nyamizi aligeuka.

"Hilo," alisema, "usiniulize tena wewe."

Akashuka ngazi, akavuka barabara, akasimama upande wa pili akingoja gari la Ngulyati. Alingoja karibu saa nzima. Stephania alikuwa akimwona kupitia dirishani alipokuwa akizikunja nyaya, na hakupata namna ya kwenda kusimama naye.